«Mukimutosha, mutaweka nani?» Jibu letu kwa vijana wa UDPS

Bunia. Kwa vijana wenzetu wa Mudzipela, Lumumba, Nyakasanza, Saio, Bankoko na Sukisa, na kwa wote wa Aru, Mahagi, Djugu, Irumu na Mambasa.

Wandugu na wadada,

Kuko swali moja lenye tunakutana nalo kila siku. Tunalisikia kwa kabini ya kuuza uniti, kwa parkingi ya pikipiki, inje ya kanisa kiisha misa, hata mu nyumba wakati baba anasikiliza redio. Kila mara tunasema kama Katiba inamupa raisi manda mbili tu, na kama mu 2028 inafaa mutu mwingine, rafiki mumoja anacheka na kuuliza: «Sawa. Mukimutosha Fatshi, mutaweka nani?»

Kiisha ananyamaza, sawa mutu mwenye amekwisha kushinda mechi.

Leo tunajibu. Tunajibu bila matusi, juu wengi wenye wanauliza swali hilo ni marafiki wetu. Tulikaa nao kwa benchi moja ya auditwari, na leo tunakaa nao kwa benchi moja ya kukosa kazi. Kati yetu kuko wenye walisoma sheria, uchumi, ualimu, kilimo. Wamoja wanaendesha pikipiki ya wenyewe na kutoa versema kila magaribi. Wengine wanaandikia wanafunzi kazi zao za mwisho kwa franga kidogo. Kila tangazo la kazi linaomba miaka 5 ya uzoefu, na sisi tangu tumalize masomo hatujapewa hata mwezi 1 wa kuanza kuuhesabu. Tunasema hivi ili mutu asifikiri tunatafuta kiti. Hatuna mukandidati wa kuwauzia, wala chama cha kuwaandikisha.

Tuanze na swali lenyewe. Swali «mutaweka nani?» haliwezi kuulizwa sisi. Sisi hatukuanzisha chama mu 1982. UDPS ilizaliwa tarehe 15 Februari 1982. Ni zaidi ya miaka 40. Chama chenye miaka 40, chenye kuongoza inchi tangu Januari 2019, chenye mawaziri, wabunge, magavana na wakubwa wa makampuni ya serikali, kikituambia kama hakina mutu wa pili, kinajisema chenyewe. Mama mwenye kuuza mihogo kwa soko kuu anajua nani atashika meza yake siku atagonjwa. Mwalimu mukubwa wa shule ya musingi anajua nani atashika funguo. Njo chama chenye kushika inchi ya watu milioni 100 kishindwe?

Na tukumbuke kile chama kilizaliwa juu yake. Mu Novemba 1980, wabunge 13 walimuandikia Mobutu barua ya kurasa 52. Ilikuwa wakati wa chama kimoja, wakati mutu mumoja alikuwa baba wa wote, na nani angeweza kuuliza «kiisha yeye, nani?» Wale 13 waliuliza. Walifungwa, walipigwa, walifukuzwa kwa ubunge. Kutoka mu ujasiri ule ndiyo UDPS ilitoka. Wale wazee hawakukubali jibu la «hakuna mwingine». Leo watoto wa chama chao wanatutupia jibu lile lile, na wanafikiri ni mupya.

Tusiende mbali sana. Usiku wa 19 kwenda 20 Septemba 2016, ofisi kubwa ya UDPS kule Limete ilichomwa moto. Siku zile watu walikufa mu barabara za Kinshasa juu walikataa Joseph Kabila apite tarehe 19 Desemba 2016, mwisho wa manda yake ya pili. Walikuwa wanatetea kifungu cha 220, kile chenye kinasema kama hesabu ya manda na urefu wa manda ya raisi haviguswe. Vijana wa UDPS walikufa pamoja na vijana wenye hawakuwa na chama. Damu ile iko ya wote. Sasa tunawauliza, bandugu: kifungu cha 220 kilikuwa kizuri wakati raisi alikuwa Kabila, kimeoza namna gani wakati raisi ni wenu?

Sasa tuangalie kwa nini «hakuna mwingine». Hakuna si juu Mungu hakuumba. Hakuna juu kila mutu mwenye aliinua kichwa, kichwa kilikatwa, ao alijifunza kukiinamisha.

Mu Novemba 2018, wakubwa wa upinzani walikutana Geneva. Tarehe 11 walitia saini nyuma ya mukandidati mumoja, Martin Fayulu. Kesho yake Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe waliondoa saini zao, juu watu wao wa chini walikataa. Mutu anaweza kusema watu wa Limete walikuwa na haki ya kukataa. Sawa. Lakini ujumbe ulieleweka: ni wetu, ao hakuna.

Siku 12 kiisha, Nairobi, wale wawili walipatana: Tshisekedi asimame mu 2018, na mu 2023 zamu iwe ya Kamerhe. Njo zamu ilifika? Mu 2020 Kamerhe alihukumiwa, mu 2022 korti ya rufaa ikamuachilia, na mu 2023 alisimama nyuma ya mukandidati yule yule wa 2018. Hatuingii mu faili ya tribinali. Tunasema tu kama mapatano ya zamu yalikuwako kwa karatasi, na zamu haikufika.

Jean-Marc Kabund alishika UDPS wakati mukubwa wake alikuwa ameingia ofisi ya uraisi. Alikuwa makamu wa kwanza wa raisi wa Bunge. Mu Januari 2022 alifukuzwa kwa uongozi wa chama. Mu Julai mwaka ule ule alitangaza chama chake na kumusema vibaya mukubwa wake wa zamani, na mu Agosti alikamatwa. Mu Septemba 2023 alihukumiwa miaka 7. Hatusemi Kabund ni mutakatifu. Wakati alikuwa juu, yeye pia alifukuza wengine. Lakini kijana wa UDPS mwenye aliona ile yote alijifunza nini? Alijifunza kama mu chama chake, njia ya namba mbili inapita kwa geti la Makala.

Kiisha, Agosti 2024, tuliona chama kikipasuka juu ya Augustin Kabuya. Kundi moja linasema limemutosha na limeweka Déo Bizibu, kundi lingine linasema Kabuya bado. Kelele, kusukumana, mikutano miwili ya chama kimoja. Na mu kelele ile yote, kuko mutu mumoja mwenye aliuliza nani atasimama mu 2028? Walikuwa wanapigania nani atalinda mulango. Hakuna mwenye aliuliza nani ataingia mu nyumba.

Njo maana tunasema: ukosefu wa mutu haukuanguka kutoka juu. Umetengenezwa. Na mutu mwenye aliukata muti hawezi kulalamika kama hakuna kivuli.

Mutatuambia: lakini Fatshi ni mwenye nguvu, mu 2023 alipata zaidi ya 73%. Hata tukiacha pembeni maneno yote juu ya uchaguzi ule, nguvu ya mutu njo sababu chama kinalala. Mukandidati mwenye kushinda kirahisi anakuwa kitanda. Wote wanalalia yeye. Hakuna anaandika programu, hakuna anajenga shina mu Mahagi ao mu Mambasa, juu picha ya mukubwa inatosha kwa kupata ubunge. Siku kitanda kinatolewa, wote wanaamuka chini.

Hatuwazi tu. Tuliona. PPRD ya Kabila ilikuwa na serikali, jeshi, feza, magavana. Manda iliisha 19 Desemba 2016. Chama hakikuwa na jibu, kwa hiyo inchi nzima iliingojea chama. Uchaguzi ulifanyika 30 Desemba 2018, miaka 2 mizima kiisha. Na jina la mukandidati lilitangazwa lini? Tarehe 8 Agosti 2018, siku ya mwisho kabisa ya kupokea mafaili: Emmanuel Ramazani Shadary. Mutu mwenye alipewa miezi 4 ya kuonekana kiisha miaka 17 ya kivuli cha mwingine. Alitoka wa tatu. FCC ilikuwa na viti zaidi ya 300 kwa 500 mu Bunge. Miaka 2 haikuisha, wengi wao walikuwa wamevuka kwenda Union sacrée. Wenye walikuwa wanaimba jina moja asubui waliimba jina lingine magaribi. Vijana wa UDPS, mujiangalie pembeni: wangapi kati ya wale wenye wanapiga makofi leo walikuwa wanapiga makofi kule?

Mutauliza: njo chama kingine kiliweza? Ndiyo, na hakiko Ulaya. Mu 2015, kule Tanzania, Edward Lowassa alikuwa mbele ya wote mu CCM. Alikuwa amekuwa waziri mukuu, alikuwa na feza, na watu mu kila mukoa. Wengi walidhani imeisha. Lakini raisi mwenye kutoka, Jakaya Kikwete, alikuwa anamaliza manda mbili na alikuwa anaenda kweli. Wanachama zaidi ya 30 waliomba kusimama. Kamati Kuu ilibakiza 5, na Lowassa hakuwa ndani. Halmashauri Kuu ilibakiza 3. Mukutano mukuu ulichagua 1: John Magufuli, mutu mwenye wengi hawakumuhesabu. Lowassa alikasirika, akaenda Chadema, akapata karibu 40% ya kura. Chama kilitikisika, lakini kilibaki na kilishinda na zaidi ya 58%.

Hatuwapambi CCM. Jina la Lowassa lilikatwa mu chumba chenye kufungwa, na Januari 2025 chama kile kile kilimaliza maneno mapema Dodoma kwa kumupitisha Samia Suluhu Hassan peke yake. Kwa hiyo hata njia nzuri inaota majani kama watu hawaipiti. Lakini 2015 inatuonesha kitu kimoja: mutu mwenye nguvu kuliko wote anaweza kuwekwa pembeni, na inchi isianguke. Kilichohitajika ni vitu viwili: utaratibu wenye hatua zinajulikana, na raisi mwenye anajua tarehe yake ya kutoka.

Angalieni sasa upande mwingine wa Ziwa Albert, kwa jirani yetu Uganda, pahali tunatoa sukari, simiti na nguo. Mu 2005 walitosha mupaka wa manda. Mu Desemba 2017 walitosha mupaka wa miaka ya kuzaliwa. Mu 2014 wabunge wa NRM walikutana Kyankwanzi na kumuunga Museveni awe mukandidati wa pekee; mwaka ule ule Amama Mbabazi, mwenye alikuwa waziri mukuu na katibu mukuu wa chama, alipoteza kazi zote mbili. Kule pia wanauliza: «Tutaweka nani?» Wanauliza hivyo tangu 1986. Kuko watu wameuliza swali lile, wameoa, wamezaa, wamepata wajukuu, na swali bado iko pale.

Wandugu, sisi wa Ituri tuna sababu yetu ya kuogopa maneno ya mutu mumoja. Tunajua bei yake. Kati ya 1999 na 2003, kila upande ulikuwa na «mutu wetu». Bila yeye tutakufa, walisema. Makumi ya maelfu walikufa nao. Thomas Lubanga na Germain Katanga walifika wote wawili kwa korti ya La Haye, na wote wawili walihukumiwa. Mama zetu walibaki na makaburi. Kwa hiyo mukituambia inchi inategemea mutu mumoja, musishangae tukitetemeka. Na neno hili si juu ya kabila la mutu yeyote. Tungeliandika hivi hivi kama raisi angekuwa muzaliwa wa Djugu ao wa Irumu.

Na tangu 6 Mei 2021 tunaishi mu utawala wa kijeshi, ile yote tunaita eta de sieji. Ilianza kwa siku 30. Kiisha Bunge linaongeza siku 15, siku 15, siku 15. Tulikuwa na gavana wa kuchaguliwa na asemblee ya provensi. Vyote viliwekwa pembeni. Raia wanahukumiwa na tribinali za jeshi. Na CODECO na ADF hawakuisha. Wandugu zetu wanalala mu kambi za wakimbizi hapa hapa Bunia. Nani anaweza kumaliza ama kubadilisha utawala huu? Kila mutu anangojea neno la mutu mumoja. Wabunge wa chama chake hawawezi kumuambia «mukubwa, hii haikutembea», juu nafasi yao kwa liste inatoka kwake. Njo hapa ugonjwa wa chama unakuwa ugonjwa wetu. Chama bila namba mbili ni chama bila mutu wa kusema hapana. Na pahali hakuna mutu wa kusema hapana, kosa moja linaweza kuishi miaka.

Kuko wenye wanasema: Katiba iliandikwa na wageni, inafaa kuibadilisha. Raisi mwenyewe, Kisangani, tarehe 23 Oktoba 2024, alitangaza kama ataweka komisio ya kuiangalia upya. Sisi tulikuwa watoto wadogo mu Desemba 2005, wengine tulishika kikwembe cha mama mu mustari wa referandomu. Inchi ilikuwa inatoka mu vita. Wazee wetu walisimama ndani ya jua, wakapiga kura, na karibu 84% ya wenye kupiga kura walisema ndiyo. Wale si wageni. Ni mama zetu.

Kuko wengine wanasema: Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, huu si wakati wa kusema uchaguzi, tumuache raisi apigane. Tunasikia maumivu ya Kivu, ni ndugu zetu. Lakini someni kifungu cha 219, kile chenye watu wanaruka. Kinasema kama Katiba haiwezi kubadilishwa wakati wa vita, wakati wa hali ya dharura, wala wakati wa eta de sieji. Eta de sieji! Sisi wa Bunia tunaishi ndani ya kifungu kile kila asubui. Kwa hiyo munachagua: ao kuko vita na eta de sieji, na Katiba haiguswe, ao hakuna, na mutuambie basi kwa nini tunaongozwa na wajenerali. Hamuwezi kula pande zote mbili za mukate.

Tujiangalie sisi pia, juu kidole chenye kuonesha kina vidole vitatu vyenye kurudi. Mu makundi yetu ya vijana, mara ngapi mukutano unakwama juu koordineta hakuja? Mara ngapi namba za simu, kodi ya ukurasa, kitabu cha kasa viko kwa mutu mumoja? Tumesema wenyewe «bila ndugu fulani hatuwezi». Ni sumu ile ile, mu kikombe kidogo. Kwa hiyo tumeamua: kila kazi kwetu itakuwa na watu wawili wenye wanaijua, na hakuna atashika koordinasio zaidi ya manda mbili. Tusihubiri divai na kunywa ya peke yetu.

Sasa tunaomba nini?

Kwanza, UDPS itangaze kwa watu kalendari ya kongre yake ya kuchagua mukandidati wa 2028, na ifungue milango kwa kila mwanamemba mwenye anataka kusimama. Wasingojee siku ya mwisho ya kupokea mafaili. Tulikwisha kuona mwisho wa ile njia.

Pili, wabunge na wasenateri wa Ituri, wa vyama vyote, waje Bunia watuambie wazi wazi: siku Katiba itawekwa kwa meza, kura yako iko wapi juu ya kifungu cha 220? Wasitutumie sabuni na vikwembe. Watutumie jibu.

Tatu, vijana wa UDPS wa Bunia, tunawaalika. Mukuje tukae chini ya muti, bila kofia na bila mabendera, musome na sisi vifungu vine: 64, 70, 219 na 220. Kile cha 64 kinasema kama ni wajibu wa kila Mukongomani kumupinga mutu ao kundi lenye kushika mamlaka kwa nguvu ao kwa kuvunja Katiba. Hakisemi wajibu wa wapinzani peke yao. Kinasema kila Mukongomani. Munasema kila siku «wanainchi kwanza». Ni neno zuri, ni neno la chama chenu. Tunawaomba tu mulirudie kwa sauti, mukubwa wenu akiwa anasikia.

Na kama mu chama chenu kuko mwanamuke ao mwanaume mwenye akili na moyo, mwenye ananyamaza juu anaogopa ya Kabund, mumuambie aseme. Hata sisi, wenye hatutamupigia kura pengine, tutatetea haki yake ya kusimama.

Basi, «mukimutosha, mutaweka nani?» Jibu letu ni hili. Kwanza, hatumutoshe sisi. Katiba njo inamuonesha mulango, na alijua ile siku ameapa, mara mbili, 2019 na 2024. Pili, si kazi yetu kuwazalia mukandidati. Ni kazi yenu, na muko na wakati. Kama chama cha miaka 40 hakiwezi kutoa mutu wa pili, shida si Katiba.

Chapeni barua hii, musomee mwenye hana simu, mutume kwa makundi yenu ya WhatsApp. Mwenye hakubali na sisi, ajibu. Tutasoma yote.

Inchi haina mwenyewe mumoja.

Vijana wa vuguvugu, Bunia